Etags ibaki ndani ya Emacs, jina la ctags liondoke

Ukisakinisha Emacs unapata vitu viwili kwa mkupuo: kihariri chenyewe, na programu ndogo kando yake iitwayo etags. Kazi ya etags ni kupita kwenye mafaili ya msimbo, kuokota majina ya fanksheni, klasi na vinginevyo vilivyotangazwa humo, kisha kuyaandika kwenye faili moja liitwalo `TAGS` pamoja na mahali kila jina lilipo. Ni faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu. Ukiweka kielekezi juu ya jina na kubonyeza `M-.` (kitufe cha Alt pamoja na nukta), Emacs inasoma faharasa hiyo na kukupeleka jina lilipotangazwa. `M-,` inakurudisha ulikotoka.

Kwa muda mrefu sasa kuna wanaosema Emacs iache kubeba programu hii, na hoja zao si nyepesi. Universal Ctags, programu nyingine ya kutengeneza faharasa kama hizi, ipo, inajua lugha zaidi ya 100, inatunzwa vizuri, na ukiipa swichi ya `-e` inaandika faili la `TAGS` kwa muundo uleule. Tena tangu Emacs 29 ya mwaka 2023, Eglot imo ndani, kwa hiyo seva za lugha (programu zinazochanganua msimbo kwa undani na kukijibu kihariri) zinaunganishwa bila kuongeza kifurushi kingine. Kwa nini basi kuendelea kubeba faili la C lenye mistari zaidi ya 7,000, ambalo ukoo wake unarudi hadi ctags ya Ken Arnold kule Berkeley, na ambalo sehemu yake ya C na C++ ilipangwa upya na Francesco Potortì mwaka 1993?

Mimi nasema ibaki. Ninachokubali kitoke ni pacha wake, ile programu ya `ctags` iliyokuwa inajengwa kutoka faili hilohilo la `etags.c`, na watunzaji wa Emacs wameshafanya uamuzi huo kwenye msimbo wao mpya: `ctags` ya Emacs haijengwi tena wala kusakinishwa, na anayeitaka anaambiwa aandike `etags --ctags` au atumie Universal Ctags. Hapo ndipo mpaka unapostahili kuwekwa. Kusogea hatua moja zaidi na kuitoa etags yenyewe ni kuwaumiza watu ambao hawamo kwenye mjadala.

Watu hao wako wengi huku Kigoma. Anayejifunza kuandika programu Mwanga, Gungu au Ujiji mara nyingi ana kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na intaneti yake ni bando la simu analoligawa kwa hotspot. Mafaili ya kusakinisha yanatembea kwa flashi. Ukipeleka zip ya Emacs ya Windows mpaka Kasulu au Uvinza kwa flashi, `etags.exe` imo ndani ya folda ya `bin`, tayari. Huna haja ya kuulizia toleo gani la kitu kingine, limejengwa na nani, linataka maktaba zipi. Unafungua folda, na `M-.` ina cha kusoma. Kifaa kisichohitaji kupakuliwa kina thamani yake pale ambapo kila upakuaji unalipiwa kwa megabaiti, na anayekaa kwenye mtandao wa ofisi usiopimwa ni rahisi asilione hilo.

Kabla ya kuendelea, tuangalie faili la `TAGS` kwa karibu, maana hoja nyingi za kuitetea au kuipinga etags zinakaa humo.

Chukua faili la Python la mfumo mdogo wa wauza dagaa wa Kibirizi, liitwe `mzani.py`:

```
class Mzani:
    def pima(self, kg):
        return kg * self.bei

def toa_risiti(mteja, kg):
    ...
```

Ukiandika `etags mzani.py`, faili la `TAGS` linaanza na herufi ya kuvunja ukurasa, halafu mstari wenye jina la faili, mkato, na ukubwa wa sehemu hiyo kwa baiti. Kisha kila tagi inapata mstari wake. Ya `toa_risiti` ina maneno `def toa_risiti(`, inafuatwa na baiti moja isiyoonekana (ile ya DEL, namba 127), halafu `5,67`. Maana yake: mstari wa 5, baiti ya 67 tangu mwanzo wa faili. Basi. Hakuna aina ya kigezo, hakuna mwito, hakuna uhusiano na klasi nyingine.

Uzuri wa muundo huu ni kwamba unavumilia kuchakaa. Emacs haiendi kwa pupa kwenye mstari wa 5. Inaanzia karibu na baiti ya 67, inatafuta maandishi `def toa_risiti(` mwanzoni mwa mstari ndani ya herufi 1,000 kila upande, isipoyapata inazidisha eneo mara tatu, na kuendelea hivyo mpaka faili liishe. Kwa hiyo umeongeza fanksheni kumi juu yake, umehamisha aya nzima chini, bado `M-.` inatua mahali sahihi. Ikishindwa kabisa, inakupa ujumbe unaoanza na `Rerun etags`, pamoja na maandishi iliyoyatafuta. Mara nyingi ujumbe huo una maana moja: jina limebadilishwa au limefutwa, na faharasa inabaki kukumbuka la zamani. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani Emacs imeharibika. Haijaharibika, tengeneza `TAGS` upya.

Muundo huohuo ndio unaoeleza upungufu wake. Ukiwa na klasi tatu, `Mzani`, `Mteja` na `Risiti`, na kila moja ina `hifadhi`, ukibonyeza `M-.` juu ya `r.hifadhi()` utaonyeshwa orodha ya zote tatu uchague mwenyewe. Etags haijui `r` ni nini. Seva ya lugha inajua, na itakupeleka kwenye moja. Vilevile `TAGS` ina matangazo tu, haina matumizi. Ukibonyeza `M-?` kutafuta fanksheni inaitwa wapi, Emacs inapekua mafaili ya mradi kwa `grep` au mwenzake, haisomi hayo kwenye faharasa. Wapo wanaotengeneza `TAGS` upya mara tatu wakitumaini `M-?` itakuwa bora. Haitakuwa bora.

Sasa kuhusu seva za lugha, maana ndiyo hoja inayorushwa kwanza. Nazipenda, na mwenye mashine nzuri azitumie. Lakini tusizifanye kuwa mbadala wa etags kwa kila mtu. Pyright, ya Python, inataka Node, programu ya kuendesha JavaScript. Intelephense ya PHP inataka Node pia. Seva ya Java inataka JDK mpya kuliko ile ambayo shule au chuo kimeweka. Zikishawaka, zinakaa kwenye kumbukumbu muda wote kihariri kikiwa wazi, na kwa mradi wa kawaida zinakula mamia ya megabaiti. Kwenye GB 4, huku kivinjari kikiwa kimefunguliwa kando, mashine inaanza kuandika kwenye diski na kila kitufe kinachelewa. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitaji: seva ya lugha inataka mradi uwe umekamilika. Kama hujaendesha `composer install`, amri inayopakua maktaba za mradi wa PHP, kwa sababu bando limekwisha, nusu ya majina hayaonekani. Etags haijali. Kwa lugha kama Python inasoma mstari kwa mstari, inaokota inachokitambua, na faili lililokatika katikati ya fanksheni bado linatoa tagi za sehemu iliyobaki. Inaendeshwa, inaandika faili, inatoka. Hakuna kinachobaki kinakula RAM.

Kilichonifanya niamini zaidi kwamba etags ibaki ni `etags-regen-mode`, iliyoingia na Emacs 30 mwaka 2025. Kabla ya hapo udhaifu mkubwa wa etags ulikuwa kwamba mtu mwenyewe ndiye akumbuke kuiendesha. Sasa unaweka mstari mmoja kwenye faili la mipangilio:

```
(etags-regen-mode 1)
```

Ukibonyeza `M-.` ndani ya mradi kwa mara ya kwanza, Emacs inaita etags nyuma ya pazia, inatengeneza faharasa kwenye faili la muda, na kila ukihifadhi faili inasahihisha sehemu ya faili hilo tu. Huulizwi `TAGS` iko wapi. Huoni faili jipya kwenye folda yako. Hii ndiyo sura ambayo etags ilistahili kuwa nayo tangu zamani, na inafanya kazi mara moja kwa sababu etags imo kwenye kifurushi. Ondoa etags, na mstari huo mmoja unageuka kuwa maelezo ya ukurasa mzima: kwa Debian sakinisha hiki, kwa Windows pakua kile, kwa Mac usitumie ile `ctags` iliyokuja na mfumo kwa sababu ni ya BSD na haijui swichi hizi.

Kuna sharti moja ambalo linawakwamisha wengi. `etags-regen-mode` inataka Emacs itambue mradi unaanzia wapi, na kwa kawaida inatambua kwa kuona hazina ya git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Mafaili yakiwa kwenye folda tupu juu ya Desktop, faharasa haitatengenezwa, na hutaambiwa kwa nini. Dawa ni `git init` ndani ya folda hiyo. Haihitaji intaneti wala akaunti popote. Na ukiwa hapo, weka `vendor/`, `node_modules/` au `.venv/` kwenye `.gitignore`. Emacs inaheshimu orodha hiyo inapokusanya mafaili ya mradi, kwa hiyo faharasa yako haitajazwa na maelfu ya majina ya maktaba za watu.

Wanaobaki na Emacs ya zamani, na hao ni wengi kwa sababu Ubuntu ya miaka iliyopita inakuja na 27 au 28, watumie njia ya mkono. Kwa mradi wa PHP:

```
find . -path ./vendor -prune -o -name '*.php' -print | etags -
```

Usisahau `-print` ya mwisho. Ukiiacha, `find` inaweka yenyewe uchapishaji kwa sharti zima, na jina la `./vendor` linaingia kwenye orodha inayopelekwa kwa etags ingawa ni folda. Ukiona Emacs inakuuliza kama kweli unataka kufungua `TAGS` kwa sababu ni kubwa, ujue imepita baiti milioni 10, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha onyo, na karibu kila mara sababu ni maktaba za nje kuingizwa. Usibonyeze ndiyo ukaendelea na maisha. Rudi kwenye `find`.

Kwenye mipangilio ongeza `(setq tags-revert-without-query t)` ili Emacs isome `TAGS` mpya bila kuuliza. Na ukifungua mradi wa pili, ukaulizwa kama ubaki na orodha ya faharasa iliyopo, jibu hapana. Jibu la ndiyo linachanganya miradi miwili, na siku hiyo `M-.` juu ya `pima` itakupeleka kwenye mfumo wa mteja mwingine, ukarekebishe faili lisilohusika.

Sasa upande mchungu. Etags haijui JavaScript. Haijui TypeScript wala Kotlin. Andika `etags --help` uone orodha: C na jamaa zake, Java, Python, PHP, Ruby, Go, Rust, Lua, Perl, Pascal, Prolog, Erlang, Fortran, Cobol na nyingine za rika hilo. Kwa faili isilolitambua, ina utaratibu wa ajabu kidogo: inalijaribu kama Fortran kwanza, isipopata tagi yoyote inalijaribu kama C. Matokeo yake kwa JavaScript yanachanganya watu sana. Mstari unaoanza na `function toaRisiti(` unaokotwa, kwa sababu Fortran nayo ina neno `function`. Lakini `const toaRisiti = (mteja) =>` hauokotwi, na `export function` au `async function` nayo inapitwa. Kwa kuwa Fortran imeshapata tagi mbili tatu, C haijaribiwi tena. Mtumiaji anaona nusu ya fanksheni zake zinapatikana na nusu hazipatikani, bila ujumbe wowote wa kosa. Hii ni mbaya kuliko kukataa faili kabisa.

Unaweza kuifundisha kwa ruwaza:

```
etags --language=none \
  --regex='/[ \t]*\(export[ \t]+\)?const[ \t]+\([A-Za-z0-9_$]+\)[ \t]*=/\2/' \
  --regex='/[ \t]*\(export[ \t]+\)?\(async[ \t]+\)?function[ \t]+\([A-Za-z0-9_$]+\)/\3/' \
  *.js
```

Zingatia mambo mawili hapa. Ruwaza za etags zinafungwa mwanzoni mwa mstari hata usipoandika alama ya `^`, ndiyo maana kila moja inaanza na `[ \t]*` ili kuruka nafasi. Na swichi zinafanya kazi kwa mafaili yanayofuata baada yake, ukiweka `*.js` mbele ya `--regex`, mafaili hayo yanachakatwa bila ruwaza. Ruwaza ya kwanza pia itaokota kila `const` hata isiyo fanksheni. Kwa mradi mdogo inatosha. Kwa mradi wa React wenye mafaili mia mbili ni kujitesa, na hapo namwambia mtu wazi: tafuta Universal Ctags.

Ndiyo maana nasema etags isijazwe lugha mpya. Kila lugha ndani ya `etags.c` ni kichanganuzi kilichoandikwa kwa mkono kwa C, na majaribio yake yanakaa kwenye folda ya `test/manual/etags`, ambako matokeo yanalinganishwa na mafaili yaliyohifadhiwa kama mfano wa jibu sahihi. Kuongeza TypeScript humo ni kazi ya wiki kwa mtu anayejua, kisha ni mzigo wa kudumu kwa watunzaji wachache ambao tayari wana kihariri kizima cha kuangalia. Universal Ctags wanaifanya kazi hiyo vizuri. Waachiwe. Ila ile tabia ya kubahatisha kwa Fortran ingefaa isiwe ya kawaida. Faili lisilotambulika lirukwe, na jina lake litajwe kwenye terminali.

Kuna pia suala la usalama, na hili sitalipunguza uzito. `etags.c` ilikuwa inaita fanksheni ya C iitwayo `system` ikiipa amri yenye jina la faili ndani yake. Jina la faili likiwa limetungwa kwa hila, lina alama ambazo shell inazielewa, sehemu ya jina inaendeshwa kama amri. Mtu anapakua msimbo wa mtu asiyemjua, anaandika `ctags *` au `etags -u *` kwenye folda hiyo, na amri ya mwingine inaendeshwa kwa ruhusa zake. Kasoro hizo zilipewa namba CVE-2022-45939 na CVE-2022-48337, ziligusa Emacs hadi 28.2, na marekebisho yamo tangu Emacs 29.1 ya Julai 2023. Debian walirudisha marekebisho hayo kwenye matoleo yao ya zamani. Kama una Emacs ya 28.2 au chini yake iliyotoka kwenye flashi, na siyo kwa msambazaji anayetuma masasisho, usiiendeshe etags kwenye folda usiyoiamini. Badilisha Emacs hiyo kwanza.

Wapo wanaochukua kasoro hizi kama ushahidi wa kuitoa. Naona kinyume. Zilirekebishwa kwa sababu etags imo ndani ya Emacs, watu wanaikagua pamoja na vingine, na marekebisho yakatoka na toleo lililofuata. Programu kongwe ikitupwa nje kuwa mradi wa peke yake bila mtunzaji, haiachi kutumika; inaendelea kukaa kwenye mashine za watu, isipokuwa sasa hakuna wa kuziba tundu. Exuberant Ctags ya Darren Hiebert ilikaa kwenye toleo la 5.8 tangu 2009, na ilibidi watu wengine waichukue na kuijenga upya kama Universal Ctags ndipo ikasonga.

Vim, kihariri kingine kikongwe, nayo huwa inatajwa. Vim ilikuwa inabeba ctags, kisha kwa Vim 6.0 mwaka 2001 ikaiacha, kwa maelezo kwamba ctags imekuwa mradi kamili na inastahili kusambazwa peke yake. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa Vim, kwa sababu ctags waliyoibeba haikuwa yao. Ilikuwa na mwenyewe anayeiendeleza. Etags ni ya Emacs. Hakuna mradi mwingine unaoitunza. Na siyo Emacs peke yake inayoitegemea: kanuni za GNU za kuandika programu zinataja `TAGS` kama lengo la kawaida la Makefile, Automake inalizalisha lenyewe na kuita `etags`, na msimbo wa Emacs wenyewe una `make tags`. Kichanganuzi cha C ndani ya etags kinaijua hata `DEFUN`, makro ambayo Emacs inatumia kutangaza fanksheni zake za C.

Kuhusu wazo la kuitoa etags na kuingiza Universal Ctags mahali pake ndani ya kifurushi cha Emacs: haliendi mbali. Emacs inataka waandishi wa msimbo wake wa ndani wakabidhi hakimiliki kwa Free Software Foundation, na Universal Ctags ina mlolongo mrefu wa wachangiaji ambao hawakufanya hivyo. Ratiba za matoleo pia ni tofauti. Ibaki jirani.

Jina la `ctags`, hilo lilistahili kuondoka zamani. Emacs ilikuwa inasakinisha `ctags` yake, Universal Ctags inasakinisha `ctags` yake, na anayefika wa mwisho anamfunika mwenzake. Wasambazaji wamekuwa wakizima moto huu kila mmoja kivyake. Debian wanaiita ya Emacs `ctags.emacs` na kutumia mfumo wa mbadala. Arch wanaibadilisha jina. Termux, ambayo vijana wengi wanaitumia kuandika msimbo kwenye simu, wanaifuta kwenye kifurushi cha Emacs ili isigombane na ya kwao. Wasambazaji watatu wanafuta au kuficha faili lilelile, basi faili hilo halina kazi pale.

Kwa leo, kabla hujalaumu faharasa, hakikisha ni programu gani inayoitikia jina:

```
etags --version
update-alternatives --display etags
```

Ya kwanza ikijibu na maneno `GNU Emacs`, ni ya Emacs. Ikijibu `Universal Ctags`, basi swichi zako zinasomwa kwa kanuni nyingine: orodha ya mafaili kutoka `find` inapokelewa kwa `-L -`, na ruwaza za `--regex` zilizoandikwa hapo juu hazifai. Kubadilisha ni `sudo update-alternatives --config etags`, uchague namba.

Aliye na mradi wa JavaScript na ameshapata Universal Ctags kwa njia yoyote, hana haja ya kuachana na mpangilio wa Emacs. Aandike:

```
(setq etags-regen-program "ctags -e")
(with-eval-after-load 'etags-regen
  (add-to-list 'etags-regen-file-extensions "ts")
  (add-to-list 'etags-regen-file-extensions "tsx"))
```

Hiyo ya viendelezi ni lazima, kwa sababu orodha ya asili haina TypeScript, na mafaili hayo yatarukwa hata kama programu inayachanganua vizuri. Kwa njia ya mkono ni `ctags -e -R --exclude=node_modules --exclude=vendor .` ukiwa kwenye mzizi wa mradi. Kwenye Windows na Mac angalia herufi: Vim inataka faili liitwalo `tags` na Emacs inataka `TAGS`, na mifumo hiyo miwili kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Timu ikiwa na mtu wa Vim na mtu wa Emacs kwenye folda moja, kila mmoja atamfutia mwenzake. Mmoja atumie `-o` kutoa jina jingine, na mtu wa Emacs alifungue kwa `M-x visit-tags-table`.